Chupa ya Nangurukuru

Nangurukuru, Kilwa
Julai 20, 2024

Swahiba Mshamu,

Assalaam alaykum. Nimeshukuru kusikia paa limesalimika na kimbunga Beryl, ingawa siku nne bila umeme kwenye joto la Houston si mchezo. Uliposema umepanga foleni kwa muda wa saa mbili kutafuta petroli ya jenereta, nilicheka peke yangu hapa kijiwe chetu cha bodaboda. Nimekukumbuka na dumu lako la njano, enzi zile za mashine ya kusaga ya mzee.

Umeniuliza kama Beryl atatupandishia mafuta huku. Sidhani. Mitambo yenu ya kusafishia mafuta safari hii haikuumia sana. Cha kuogopa ni kimbunga cha namna ya Harvey, ule mwaka 2017, kilichosimamisha karibu robo ya uwezo wa Marekani nzima wa kusafisha mafuta. Mkikosa kwenu mnakwenda kununua Ulaya, wa Ulaya naye anageukia kwingine, na sisi tunaoagiza kila tone tunajikuta mnada mmoja na matajiri. TIPER, mtambo wetu wa kusafishia mafuta pale Kigamboni, ina zaidi ya miaka 20 haisafishi kitu, kwa hiyo tunanunua yaliyokwisha kusafishwa, na hayo ndiyo yanayoadimika mitambo ikizama maji. Tena maumivu yenyewe hayaji siku hiyo hiyo. EWURA, wale wadhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa pampuni, Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hesabu za soko la dunia za nyuma. Bodaboda anayelalama leo huenda analalamikia upepo uliovuma zamani, baharini kwa watu.

Lakini mwaka huu tulipata upepo wetu wenyewe, na huo ulinifundisha jambo jingine.

Bei za Mei zilitoka Jumatano, tarehe 1. Jumamosi yake, tarehe 4, akaja kimbunga Hidaya. Mvua ile, Mshamu, huioni tone, unaona ukuta. Barabara ya Dar ikakatika sehemu zaidi ya moja, Somanga ikiwemo. Lami imemeguka kama mkate, maji yanapita katikati. Mabasi huku, malori kule, watu wamekaa juu ya mizigo yao.

Sasa nenda kituo cha mafuta. Ubao unasema vilevile, elfu tatu na ushei kwa lita, haujapanda hata shilingi. Na hauwezi kupanda, kwa sababu bei kikomo ni ya mwezi mzima na nauli ya lori imeshapigiwa hesabu humo, lori lile lile ambalo limekwama Somanga. Kijana wa pampu ameegemea mashine, anachezea simu. "Yameisha, bro."

Jioni nikaelekezwa uani kwa mama mmoja muuza maandazi. Akafunua khanga juu ya kigoda: chupa tano za maji ya kunywa, ndani petroli, rangi ya chai ya rangi. Akaninong'oneza elfu sita kwa chupa. Nikamuuliza kaitoa wapi, akaangalia pembeni. Nililipa. Nilikuwa na mjamzito wa kumpeleka hospitali ya Kinyonga, na nauli niliyomtoza sikuipandisha, ila aliyemfuata nilimpandishia, sikufichi.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia bei imetulia, namuuliza: ya ubaoni au ya chupa? Wakubwa wakipiga takwimu zao za mwezi ule, Kilwa itaonekana haikupata shida yoyote. Chupa haina risiti.

Na usidhani basi imeishia hapo. Meli ikishindwa kushusha mafuta kwa ajili ya bahari chafu, kila siku inayosubiri ina malipo yake kwa dola, na gharama hiyo nayo huingizwa kwenye hesabu ya bei kikomo. Yaani dhoruba unailipia kwanza kwa mama wa maandazi, kisha baadaye unailipia tena pampuni, na risiti unapewa.

Bi mkubwa wako mzima, anakusalimu sana. Ule mnazi wa uani kwenu, uliotukataza kuukata, Hidaya kaulaza chali. Umekosa choo kwa shubiri mbili hivi. Nimeupasua mbao, zimekaa barazani kwangu. Niambie nizifanyeje kabla mchwa hawajaamua.

Wako,
Selemani