Pimeni nozeli kabla ya Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Kabla hatujaingia kupulizia dawa kwenye mahindi Jumamosi, kila mwenye bomba la mgongoni apime nozeli yake, yaani ncha inayotoa dawa, kwa maji matupu.

Wengi mmeuliza kuhusu namba 02 kwenye nozeli ya njano. Ni galoni 0.2 kwa dakika, kwa mgandamizo wa psi 40 (pauni 40 kwa kila inchi ya mraba). Galoni hiyo ni ya Marekani, lita 3.785, siyo ya Uingereza yenye lita 4.546, wala siyo dumu letu la lita 20. Kwa hiyo 0.2 × 3.785 = lita 0.757, yaani mililita 757 kwa dakika.

Sasa kinga maji kwenye jagi lenye vipimo, dakika moja kamili, huku ukipampu kama unavyopampu shambani. Tuseme umepata mililita 750. Ukitembea mita 60 kwa dakika na dawa inafunika upana wa mita 1, umepulizia mita za mraba 60. Ekari ni mita za mraba 4,047: gawa kwa 60, zidisha kwa 0.75, unapata karibu lita 51. Hayo ni mabomba matatu na kidogo ya lita 16. Dawa ya ekari igawanywe humo. Kukisia dawa kwa kizibo cha chupa ndiko kunakotuunguzia mazao, nawasihi tuache.

Nozeli ikitoa zaidi ya asilimia 10 kuliko mpya ya aina yake, ibadilishwe. Ikiziba, tumia mswaki laini, msiichokonoe kwa waya.

Tumeni vipimo vyenu hapa kabla ya Ijumaa jioni. Asiye na jagi aseme mapema, tutaazimana.