Barua ya malalamiko: fomu yenu inaeleza gari ambalo si langu

Lubumbashi, tarehe 14 Mei 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Mauzo,
Kampuni ya magari mapya na ya okazio (yaliyotumika),
Lubumbashi

KUHUSU: Kubadilisha Toyota Hilux ya 2012 kwa pikapu mpya, na akonti yangu (malipo ya awali) ya dola 5,000

Bwana Mkurugenzi,

Fomu ya tathmini niliyokabidhiwa ofisini kwenu wiki iliyopita inaeleza gari ambalo sijawahi kulimiliki. Kwa fomu hiyo mmepunguza dola 4,000 kwenye bei ya pikapu yangu, halafu mkaongeza dola 2,500 kwenye bei ya ile mpya. Akonti nimeshalipa. Gari langu liko ndani ya uzio wenu, funguo na karti rozi, yaani hati ya usajili, viko kabatini kwenu, na mimi msimu huu wa mavuno ninakodi lori la Fuso la watu ili mahindi yangu yatoke Kasenga. Nina uchungu, na naomba barua hii isomwe na mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Mwezi wa tatu nilileta Hilux yangu: kabini mbili, dizeli, injini ya 2KD ya lita 2.5. Fundi wenu alilala chini yake, akaiwasha injini ikiwa bado baridi, akaliendesha barabara ya Kipushi na kurudi. Ndipo mkaniandikia profoma, hati ya bei mnayotoa kabla ya mauzo: pikapu mpya dola 38,000, yangu mnaipokea kwa 15,000, mimi naongeza 23,000. Makomisionere, yaani madalali wa magari wa mjini, walikuwa na mnunuzi wa dola 16,500. Sikugombana juu ya tofauti hiyo. Kampuni inayopokea gari la okazio italifanyia sevisi, italiweka parkini mpaka mteja apatikane, na lazima ipate faida yake. Nilikubali kupata pungufu ili nisihangaike na watu wa kujaribu gari kila jioni. Nikalipa akonti, nikapewa risiti yenye muhuri, nikaliacha gari.

Mliponiita kwamba pikapu mpya imefika, nilikuja nikijua nakuja kusaini. Kijana wa mauzo akanisogezea karatasi mbili, fomu mpya na profoma mpya, akasema: "Papa, hizi Hilux za zamani haziko na bei tena." Nikavaa miwani nikasoma.

Fomu inauliza upande wa volani. Kuna visanduku viwili, na kalamu ya bluu imetia alama kwenye "kulia". Volani ya pikapu yangu iko kushoto tangu ilipotoka kiwandani, wala haikugeuzwa garajini. Mtu wa okazio hapa Lubumbashi anajua pa kuangalia: dashibodi haina kiungo, na waipa zinafagia kioo upande wa dereva ipasavyo, hazimwachii kona chafu mbele ya macho kama kwenye magari yaliyogeuzwa. Na hata asiyejua hayo, kufungua mlango tu kungemtosha.

Alama hiyo ina uzito mkubwa kuliko mstari mwingine wowote kwenye karatasi ile. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Magari yenye volani kulia yanatoka Japani, yanashukia bandari ya Dar es Salaam, yanavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa, na yamejaa mjini kwetu kwa sababu bei yake ni nafuu. Unafuu huo una sababu. Ukitaka kulipita lori barabara ya Likasi, huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lako iwe imeshatokeza upande wa pili. Serikali nayo ilikataza yasiendelee kuingizwa nchini. Siku ya kuuza, mnunuzi anayakumbuka yote hayo kabla hajataja bei. Kwa hiyo aliyetia alama kwenye "kulia" amechukua bei ya kundi jingine la magari akaibandika kwenye langu, na kwenye fomu yenu alama hiyo peke yake ni dola 2,000.

Chini yake imeandikwa: "Mnyororo wa taimingi umelegea, kubadilisha: dola 900." Bwana Mkurugenzi, injini ya 2KD haina mnyororo wa taimingi, ule unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake. Inatumia mkanda. Mnyororo unaupata kwenye injini za GD, ambazo Hilux ilianza kuwekewa 2015. Mkanda wangu ulibadilishwa pamoja na tenshona inayoukaza, gari likiwa na kilomita 200,000, na fakitire (ankara) ya kazi hiyo mlipewa siku ya kwanza pamoja na karatasi nyingine. Pikapu nyingine za miaka hiyo zina mnyororo, kwa mfano Nissan Navara ya dizeli. Volani kulia, mnyororo wa taimingi: aliyejaza fomu hii alikuwa na gari lingine mbele yake, au alikaa mezani na orodha ya bei bila kutoka nje kwenda parkini. Siamini kwamba ni yule fundi aliyelala chini ya gari langu mwezi wa tatu. Yule alijua kazi yake.

Kuna dola 600 za matairi. Nilifunga matairi mapya manne mwanzoni mwa mwaka, meno yake bado marefu, nendeni myapime. Dola 500 za bodi nazikubali, ingawa mkwaruzo wa mlango wa nyuma fundi wenu aliuona na bado akaandika 15,000.

Nilipouliza bei imeshukaje ndani ya miezi miwili, kijana alinionyesha bei za pikapu ambazo migodi imezitoa kazini na kuziuza. Huko nako ni kulinganisha vibaya. Pikapu ya mgodi inaweza kuonyesha kilomita chache, lakini injini yake imenguruma saa nyingi ikiwa imesimama, na chini imekula vumbi na mitikisiko ya shimo kila siku. Wanunuzi wanalijua hilo, ndiyo maana bei yake iko chini. Tena gari linaloshuka bei kwa kasi ni jipya, katika miaka yake ya mwanzo. La 2012 limeshashuka kitambo. Kinachoamua bei yake leo ni hali yake, upande wa volani, na kama mapiesi (vipuri) yake yanapatikana, na ya Hilux hii yanapatikana. Ukiharibikiwa mbali na mji, unapata fundi anayeifahamu na duka lenye nozeli au klachi yake, wakati mwenye pikapu isiyozoeleka anasubiri mzigo kutoka Ndola au Johannesburg. Ninyi wenyewe mnatumia maneno hayohayo mnapotuuzia Hilux.

Halafu iko profoma ya pili. Pikapu mpya imepanda kutoka 38,000 hadi 40,500, bila maelezo hata mstari mmoja. Mteja akibadilisha gari, hesabu inayomhusu ni moja, ile nyongeza inayotoka mfukoni mwake. Mwezi wa tatu ilikuwa dola 23,000, leo mnataka 29,500. Ni dola 6,500 zaidi kwa gari lilelile, na mmeziomba baada ya kushika akonti yangu na funguo zangu. Nilipotaka kurudisha mpango nyuma nikaambiwa mtakata gharama za parkini. Parkini ya gari mlilonitaka niliache!

Jambo jingine: nilipoliacha, kilometraji ilisoma 218,412, na mmeiandika wenyewe kwenye karatasi ya mapokezi. Wiki iliyopita ilisoma 218,897. Kilomita 485 ni kama kwenda Likasi na kurudi mara mbili. Nani aliliendesha, kwa ruhusa ya nani, na akiwa na kazi gani?

Profoma ya kwanza mliitia saini na mkapokea pesa juu yake. Ibara ya 33 ya sheria ya mikataba ya 1888, inayotumika nchini mpaka leo, inasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Mimi ni mfanyabiashara mwenye namba ya RCCM, rejista ya biashara, kama ninyi, na sote tuko chini ya sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, ambazo Kongo inazifuata tangu 2012.

Naomba moja kati ya mambo mawili. Mheshimu profoma ya kwanza: pikapu mpya 38,000, yangu 14,500 baada ya kutoa zile 500 za bodi. Hapo nyongeza ni 23,500, na nikitoa akonti zinabaki 18,500, ambazo niko tayari kulipa siku ya kukabidhiwa gari. Au mnirudishie Hilux yangu, funguo, karti rozi na dola 5,000 kamili, bila gharama yoyote ya parkini. Kwa vyovyote, nataka fomu ile ifutwe kwa maandishi, isibaki kwenye faili ya gari langu, na nijibiwe kuhusu zile kilomita 485.

Nasubiri jibu la maandishi kabla ya tarehe 30 Mei. Likikosekana, mwanasheria wangu atapeleka faili hii Korti ya Biashara ya Lubumbashi, naye ameshapewa nakala ya barua hii. Nimeambatanisha profoma zote mbili, risiti ya akonti, karatasi ya mapokezi, fakitire ya mkanda, na picha za volani na dashibodi zilizopigwa parkini kwenu.

Mteja wenu,
(saini)
Mfanyabiashara wa mahindi, barabara ya Kasenga