Bei ya friji tuihesabu kwa saa za kazi

Mhariri,

Kwenye baraza letu hapa Majengo, baada ya Isha, kahawa inapopita, mabishano hayakosi. Wiki jana yalikuwa ya maisha ya ng'ambo. Barobaro mmoja alisema Uingereza hakukaliki, kunyoa kichwa tu pauni 12, na papo hapo akazigeuza kwenye simu: zaidi ya shilingi elfu mbili. Hapa twanyoa kwa mia. Mwenzake akamjibu kwamba kule friji mpya ndogo yapatikana kwa pauni 150, kwa hivyo maisha ya kule ni nafuu kuliko ya hapa. Kila mmoja alikuwa na tarakimu zake na kila mmoja aliondoka akijua ameshinda.

Mimi ni fundi wa friji, huu mwaka wa 31. Nyinyi gazetini huandika majokofu, lakini mteja akija kwangu husema friji, nami nitasema hivyo hivyo. Usiku ule nilinyamaza kwa sababu sikuwa na hesabu mkononi. Nimekwenda nikaifanya, na ndiyo iliyonikalisha niandike, maana hata magazetini naona bei za nchi za watu zikigeuzwa shilingi, kisha basi, habari imekwisha. Bei hiyo haimfai msomaji kitu mpaka ajue aliyenunua ameitolea jasho la saa ngapi.

Nilimpigia mpwa wangu aliye Leicester. Hupakia mizigo ghalani na hulipwa kima cha chini cha sheria, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa aliyetimiza miaka 21. "Mjomba," akaniambia, "mimi sihesabu kwa shilingi tena, utajitia wazimu bure. Kichwa ni saa moja ya kazi. Chumba changu ni saa 39 kila mwezi. Friji hiyo niliinunua kwa saa kumi na mbili na dakika chache."

Sasa njoo Mombasa. Kibarua wa kawaida katika miji mikubwa kama huu wetu, kima chake cha chini kuanzia Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Gawanya kwa siku 26 za kazi, ni kama 620 kwa siku. Kwa saa nane, ni 77 hivi kwa saa. Kunyoa kwa mia ni saa moja na robo na kidogo. Yaani kinyozi wa Majengo na kinyozi wa Leicester ni karibu bei moja! Barobaro wetu aliona elfu mbili akashtuka, kumbe anayenyolewa kule ametoa muda ule ule anaoutoa yeye hapa, tena pungufu.

Lakini friji mpya ya kiasi kile, ambayo hapa mjini naiona ikiuzwa elfu 30, inamtoa kibarua wetu siku 48. Mwenzake wa Leicester inamtoa siku moja na nusu.

Nimelitafakari hili sana, na naliona hivi. Vitu vya mkono wa mtu, kunyoa, kushona, kubebewa mzigo, kupikiwa mahamri na mbaazi, bei yake hufuata mshahara wa pale ulipo, kwa hivyo ukipima kwa saa havitofautiani sana nchi na nchi. Vitu vya meli ndivyo vinavyotuumiza. Friji, simu, dawa, tairi, mafuta ya petroli, vyote bei yake huamuliwa na soko la dunia, na soko hilo halikuulizi unalipwa ngapi Changamwe. Na kila mwaka maisha yetu yanazidi kuegemea vitu vya meli. Umeme nao umekaa upande huo huo. Mpwa wangu ananunua yuniti moja kwa peni 26 hivi, saa yake moja inampa yuniti 47. Juzi nimetia tokeni ya umeme ya shilingi 1,000, nikapata yuniti 35 na ushei. Saa moja ya kibarua wetu haifiki yuniti tatu.

Sisemi kule ni peponi. Kijana huyo anakaa chumba kimoja, jiko na bafu ni vya watu watano, na Januari huvaa koti ndani ya nyumba ili kupunguza gharama ya kupasha joto. Nasema tuhesabu sawasawa.

Kwa kuwa bei ya mpya ni siku 48, watu wetu wananunua friji za mtumba. Siwalaumu, ndizo zinazonipa mimi riziki. Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na linawala pesa kila siku.

Mwezi wa Machi niliitwa na mama mmoja wa Bondeni anayeuza juisi ya ukwaju, barafu za watoto na viazi karai. Friji yake, mtumba kutoka Uingereza, aliinunua elfu 18. Haigandishi. Mafundi watatu walikuwa wamepita kabla yangu, na kila mmoja aliongeza gesi akachukua 2,500. Niseme hili wazi, kwa herufi kubwa kama mnaweza: gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua pana tundu. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anakuibia, awe anajua au hajui.

Nilipoinama nyuma ya friji ile nilikuta wavu wa mabomba unaotoa joto umefunikwa na ukungu mweusi wa mafuta ya karai na vumbi, mzito, ukiugusa unanata kama asali. Niliweka kiganja juu ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, nikakiondoa upesi. Nilichukua noti ya hamsini nikaibana mlangoni, nikaivuta, ikatoka bila kukwama popote: mpira wa mlango umekufa. Nikakaa juu ya kreti ya soda nikasikiliza. Nusu saa nzima kompresa haikunyamaza hata mara moja. Friji nzima ya afya hupumzika, utaisikia ikibofya na kutulia, kisha inaanza tena. Gesi ilikuwa imejaa, tena imezidi. Nikapiga tochi kwenye kibandiko cha ndani, pembeni ya droo ya mboga, nikaona herufi mbili: SN.

Naomba msomaji azikariri hizi, zimo karibu kila friji. SN imetengenezwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43, hiyo ndiyo ya nchi za joto. Mombasa, Februari na Machi, kivulini tu joto hufika nyuzi 32, 33. Kibanda cha mama yule, mabati juu na karai la viazi hatua mbili kutoka kwenye friji, kipimajoto changu kilisoma 36. Friji ile iliundwa kwa jiko la Leicester, nasi tumeipa kazi ambayo aliyeichora hakuikusudia kamwe.

Sababu yake hata bibi yangu angeielewa. Alikuwa na mtungi kwenye kona ya ukumbi, juu ya mchanga, na kata ya kifuu ikining'inia ukutani. Maji hupenya kwenye udongo, yakatoka nje kama jasho, yakakauka, na kila tone linalogeuka mvuke linaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi hupoza. Friji ni jambo lile lile. Gesi, ikiwa majimaji, inageuka mvuke ndani ya sanduku na kubeba joto la chakula. Kompresa inaukamua mvuke ule na kuusukuma mpaka kwenye wavu wa nyuma, pale unatema joto chumbani na kurudi kuwa majimaji. Mtungi ukiuweka mahali hewa haipiti, wala maji hayakauki, hautapoza. Na wavu ukizungukwa na hewa ya moto utashindwa kutema joto, na kompresa itaendelea kusukuma usiku kucha kama mtu anayeteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Sasa hesabu ya pesa. Kompresa ile ni ya wati 120. Ikifanya kazi saa 24 bila kupumzika inakula yuniti 2.88 kwa siku. Kwa bei ya tokeni yangu ya juzi ni shilingi 82. Friji ya T, mpya, ya ukubwa ule, naiona ikila yuniti 1.1 hivi, shilingi 31. Tofauti ni kama 50 kwa siku, elfu moja na mia tano kwa mwezi. Mama yule aliokoa elfu 12 siku ya kununua. Kwa miezi minane zilikuwa zimekwisha kurudi kwenye mita, na tangu hapo analipia friji mpya ambayo hanayo. Sijahesabu zile 7,500 za mafundi. Sijahesabu ukwaju uliochacha.

Nilimsafishia wavu, nikamtolea friji shubiri moja kutoka ukutani na kuihamishia upande wa mlangoni, mbali na karai, na nikabadilisha mpira. Sasa inapumzika usiku. Mchana bado inahangaika. Anaweka akiba ya mpya, na nimemwambia asinunue bila kuniita.

Shemeji yangu aliye Muscat ameniletea picha za friji za kule, zote T, na haishangazi, kiangazi cha Oman kinapita nyuzi 40. Kwa hivyo mtumba wa Ghuba mara nyingi utakufaa kuliko mtumba wa Ulaya. Majahazi yalikuwa yakija hapa Bandari ya Kale na kaskazi, yakileta tende na papa mkavu kutoka pande hizo hizo, na wazee wetu walijua kuchagua papa kwa kunusa. Sisi twachagua friji kwa rangi ya mlango. Ila ya Saudia jihadhari nayo: umeme wao ni wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni wa hezi 50 na volti 240, na mota isiyoandikwa kwamba inakubali hezi 50 itapata moto na kuungua. Yasome maandishi ya kibandiko yote, si herufi tu.

Liko na la gesi yenyewe. Nilipoanza kazi tulitumia gesi iitwayo R12. Tulipotaka kufungua bomba tuliiachilia tu hewani, hakuna aliyetukataza, na nimeifanya hivyo mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Ndiyo gesi iliyokuwa ikila tabaka la ozoni, na ambayo dunia iliafikiana kuiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Ikaja R134a, ambayo haigusi ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya kaboni kwa muda wa miaka mia. Friji ndogo hubeba gramu 120 hivi, sawa na kilo 170 na zaidi za kaboni, na fundi huziachilia kwa dakika moja kabla ya chai. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa jirani, yakakubaliana kuzipunguza gesi za aina hiyo pia. Friji mpya nyingi sasa zina R600a, ambayo ni ya ukoo mmoja na gesi ya kupikia. Haipashi dunia joto kwa kiasi hicho, lakini inawaka, na nimeona vijana wakiichomelea kwa moto bila hata kufungua dirisha. Naumia sana kuyaona haya, kwa kuwa waliotufundisha sisi hawakuyajua na sasa yanajulikana.

Ninachoomba ni vitu viwili, Mhariri. Mnapoandika bei za nchi nyingine, iwe unga, nauli, kodi ya nyumba au umeme, tuandikieni na ni saa ngapi za kazi za mtu wa kima cha chini wa kule, na ngapi za wa hapa. Hesabu yenyewe ni ya dakika tano na mishahara hiyo si siri.

Na wale wanaouza mtumba wasibandue vibandiko. Mwezi huu peke yake nimekuta friji nne zilizokwanguliwa na kupigwa rangi ndani, pale pale penye herufi. Kanuni za nishati za Kenya za 2016 zinataka friji mpya ziwe na lebo ya nyota kuonyesha ulaji wa umeme, na mnunuzi wa mpya akiuliza ataonyeshwa. Anayenunua mtumba ndiye mwenye pesa chache zaidi, naye anauziwa kitu kilichofutwa jina. Anayehusika na ukaguzi bandarini alitazame jambo hili wakati kontena linafunguliwa, si baada ya friji kufika Bondeni.

Fundi wa friji,
Majengo, Mombasa