Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Tutoze "hela ya chupa" tunapokwenda kisiwa cha Mbudya

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Tegeta, Dar es Salaam, kwa kuwa maeneo tengefu ya bahari, yaani yaliyohifadhiwa kisheria, Mbudya ikiwemo, yako chini ya wizara yako.

Mwezi uliopita tulikwenda Mbudya, watu tisa wa familia moja. Tulipandia boti Kunduchi, na bahari ilikuwa imekupwa. Mpwa wangu wa miaka kumi akamwona kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, mwekundu, mkubwa kama kiganja changu, akamnyanyua juu. Tukashangilia. Akapita mkono kwa mkono, kila mmoja akipiga picha yake, mimi nikiwemo. Nahodha wetu alikuwa anafunga kamba. Akatutazama, akasema taratibu, "Jamani, huyo anapumulia majini." Tukamrudisha. Alitulia pale kwenye majani ya bahari, na kwa muda wote tuliosimama hatukumwona akisogea.

Hakuna kati yetu aliyekuwa na nia mbaya. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimehifadhiwa kisheria tangu 1975, nami nimezaliwa na kukulia jiji hili bila kujua hilo. Neno "mtalii" kwetu bado lina sura ya Mzungu mwenye kofia na kamera. Tunahimizana utalii wa ndani, jambo jema kabisa, lakini tunahimizana kwenda tu. Namna ya kwenda hatujafundishana.

Kinachoniumiza zaidi ni makopo ya plastiki ya maji. Huku mjini mtu akimaliza kunywa hutupa kopo popote, na mara nyingi kabla ya magharibi muokota makopo amepita na kiroba chake, maana yeye huyauza kwa kilo. Tumezoea hivyo, na mazoea hayo tunavuka nayo bahari. Kule kisiwani hakuna anayepita jioni na kiroba. Chini ya mivinje niliokota kopo lililopauka kwa jua, na ndani yake kaa wadogo wawili wamekufa. Waliingia, wakateleza, wakashindwa kupanda.

Mheshimiwa, dawa yake tunayo tangu utotoni. Aliyewahi kutumwa soda ya chupa dukani kwa Mangi anajua: kama hukuja na chupa tupu, unaacha hela ya chupa. Ndiyo maana chupa za soda huzikuti zimezagaa mitaani. Basi pale tunapopandia boti, Kunduchi na Msasani, kila kopo lihesabiwe na liachiwe, tuseme, shilingi mia tano. Ukirudi nalo unachukua hela yako. Lisiporudi, hela hiyo imlipe kijana wa Kunduchi atakayelifuata. Usiniambie Watanzania hatutakubali. Juni mosi 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wengi tulisema haiwezekani. Leo tunakwenda sokoni na vikapu, na hata wageni waliokuwa wakitua uwanja wa ndege walitakiwa kuiacha palepale.

La pili ni dogo na halina gharama. Kabla boti haijang'oa nanga, nahodha apewe dakika mbili za kusema na abiria wake: msisimame juu ya matumbawe, msiokote kombe lenye mdudu ndani, msimtoe kiumbe majini kwa ajili ya picha. Manahodha wetu wanayajua haya kuliko vipeperushi vyote, ila wanaona aibu kumkanya mtu aliyewalipa. Wakipewa agizo lako watasema bila woga.

Na hiyo nanga yenyewe. Yako matumbawe ya mviringo yanayokua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Lenye ukubwa wa ndoo linaweza kuwa limemzidi umri nahodha, nalo hupasuka kwa nanga moja iliyotupwa vibaya. Naomba maboya ya kufungia boti yawe ya kutosha kwa siku za sikukuu, boti zinapojazana.

Ukiamua kujaribu hili la hela ya chupa, taja Jumamosi yoyote. Tutakuwa Kunduchi asubuhi, wote tisa, na makopo yetu mkononi tuhesabiwe wa kwanza.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Tegeta, Dar es Salaam