Mwezi mmoja mmoja sawa, ila tupeni kwanza pa kumpeleka asiyelipa

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana kwenye daladala na redioni sisi wenye nyumba tunasemwa tu, hakuna anayetuuliza. Kila baada ya muda anatokea kiongozi anasema wenye nyumba waache kudai kodi ya miezi sita au mwaka, wachukue mwezi mmoja mmoja, watu wanapiga makofi, gazeti linaandika, halafu kimya mpaka msimu mwingine. Mimi sipingi jamani. Nimepanga miaka mingi kabla ya kujenga na najua inavyouma kutafuta laki saba kwa mkupuo mmoja huku dalali amesimama hapo anataka na ya kwake mwezi mzima, na kabla ya hapo keshakula hela ya kukuonyesha vyumba vitatu ambavyo viwili vilikuwa vimeshachukuliwa tangu juzi.

Ila hakuna anayejiuliza kwa nini tunachukua miezi sita. Wanasema uroho. Wapo waroho kweli, nawajua, wapo wanaopandisha kodi kila mpangaji akinunua friji. Lakini wengi wetu tuna nyumba moja tu, mimi nipo Tabata, nyumba ya mbele nakaa na wanangu, uani kuna chumba na sebule nne, barabarani fremu mbili za biashara, zilijengwa kwa kiinua mgongo cha marehemu mume wangu na hela za vikoba, tofali kwa tofali. Hiyo ndo pensheni yangu, sina nyingine.

Sasa sikiliza ikoje. Mpangaji akishalipa miezi sita, hiyo miezi sita una amani. Balaa linaanza mwezi wa saba. Nilikuwa na kijana mmoja, mpole, anaamkia shikamoo kila asubuhi, mkataba umeisha akaanza mama nivumilie kidogo, mara mshahara umechelewa, mara mzee anaumwa kijijini kamtumia hela yote, ukimpigia anapokea vizuri kabisa na samahani nyingi, baadae hapokei, baadae simu haipatikani, na chumbani kapiga kufuli lake kaondoka na ufunguo. Wewe huwezi kupangisha mwingine, vitu vyake vimo ndani, huwezi kuvunja. Nilienda kwa mjumbe akaniambia mama usije ukathubutu kuvunja hiyo kufuli, atarudi aseme kulikuwa na laptopu na milioni mbili chini ya godoro, kesi ya kodi itageuka kesi ya wizi na mshtakiwa utakuwa wewe. Na kweli yupo mwenzangu mtaa wa pili alichoka akapandisha fundi juu wakatoa bati, akaishia polisi.

Basi unafuata utaratibu. Serikali ya mtaa wanaita, haji. Unaenda baraza la kata, na hilo tangu sheria ilivyobadilishwa mwaka 2021 halihukumu tena, kazi yake ni kusuluhisha tu, sasa unamsuluhisha vipi mtu ambaye hayupo? Siku 30 zikipita bila suluhu ndo unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko unakuta foleni ya watu wa mipaka ya viwanja, mirathi, mtu kauziwa kiwanja kimoja na watu watatu, kesi za miaka, na wewe na kadeni kako ka laki tano na kitu unapangiwa tarehe, unaenda mwenyekiti hayupo, unapangiwa nyingine. Nauli, kutoa kopi, mtu wa kukuandikia maombi, ukijumlisha unaona kabisa deni linaliwa na kesi. Nikaacha. Kijana alirudi siku nikiwa msibani akahamisha vitu vyake, kang'oa mpaka taa na koki ya sinki.

Hapo ndo miezi sita inapotoka. Ni dhamana pekee tuliyonayo. Shirika la Nyumba la Taifa lenyewe, lina wanasheria na madalali wa mahakama, kila mara utasikia linatangaza wadaiwa sugu na wengine ni taasisi za serikali hizo hizo, sasa mjane wa Tabata ataweza wapi?

Zamani kulikuwa na ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 na mabaraza yake ya nyumba. Wenye nyumba wa zamani walikuwa wanailaani, wanasema ilimlinda mpangaji mpaka mwenye nyumba anakuwa kama mgeni kwake, na wengi wao walikuwa bado na kidonda cha 1971, ile serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya laki moja ya wakati ule. Sitaki irudi kama ilivyokuwa. Lakini ilipofutwa mwaka 2005 wakafuta yote, ubaya wake na kile kidogo kizuri, kwamba kulikuwa na mahali ambapo kazi yao ni ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji basi. Tangu hapo tumeachwa tumalizane wenyewe, mwenye nguvu ndo anashinda, na si kila siku mwenye nguvu ni mwenye nyumba kama watu wanavyofikiria.

Nije kwenye kodi ya serikali. Kuna hii ya zuio, asilimia 10 ya pango. Kwenye fremu ilikuwepo siku zote, mfanyabiashara anakata kumi kwenye kila mia, anapeleka TRA, yaani mamlaka ya mapato, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, wewe anakupa tisini na cheti. Mwaka 2022 ndo ikaja na kwamba hata mpangaji wa kawaida asiye na biashara naye akate apeleke, na mtakumbuka kelele zilizokuwepo, wapangaji wakadhani wameongezewa wao kodi, TRA wakatoka kueleza kwamba anayetozwa ni mwenye nyumba, mpangaji ni wakala tu wa kukusanya. Vizuri. Sasa naomba mtu anionyeshe mpangaji wa chumba na sebule, anauza mihogo jioni, ambaye anakata elfu 12 kwenye laki na ishirini halafu anaingia kwenye mfumo wa TRA kuipeleka. Hayupo. Kinachotokea mtaani ni mambo mawili tu. Ama hakuna anayelipa, wote tunaishi kwa wasiwasi, siku maofisa wakipita mtaani kuuliza hapa wanakaa wapangaji wangapi ghafla wote wanakuwa wapwa zangu. Ama mwenye nyumba anasema mimi nataka laki mbili yangu mkononi ya TRA utajua mwenyewe, na hapo ukipiga hesabu vizuri pango linakuwa 222,000 na ushee, mzigo umerudi kwa yule yule ambaye serikali inasema inamtetea.

Kwenye fremu ndo kuna kichekesho kingine. Mpangaji wangu mmoja wa fremu alikuwa anakata kumi yake kila akilipa, mwaminifu kabisa kwa kukata, ila vyeti nikimwambia anasema mhasibu bado, mhasibu bado. Kumbe hapeleki. Nilikuja kujua nilipotaka kuweka hesabu zangu sawa, naambiwa kwenye jina langu hakionekani kitu. Ile hela nimeshakatwa na serikali haijaipata, na anayeulizwa kwa upole usio wa kawaida ni mimi! Nauliza tu, hivi kulikuwa na ugumu gani mwenye nyumba kulipa mwenyewe kwa kontrol namba kwenye simu, kama tunavyolipa kila kitu siku hizi?

Halafu hiyo kumi inakatwa kwenye jumla. Haiulizi umetumia nini. Masika ya Dar shimo la choo linajaa hata kama ulivuta mwezi jana, gari la maji taka linakuja, rangi kila mpangaji akihama maana mpya hataki kuona alama za misumari, mbao za dari zimeliwa na mchwa, pampu imeungua. Chumba kikikaa miezi miwili bila mtu hiyo nayo ni hasara yako peke yako. Mwenye duka anakatwa kwa namna yake, mfanyakazi anakatwa kwa ngazi ya mshahara, sisi tunahesabiwa kana kwamba nyumba haichakai. Wangesema hata sehemu fulani ya pango iachwe kwa ajili ya matengenezo, kodi ikatwe kwenye kinachobaki, naamini wengi wangejitokeza kulipa kuliko sasa hivi.

Kodi ya jengo kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, mimi naiona ni nafuu, niseme ukweli, tangu ilivyoanza Agosti 2021 hakuna tena kupanga foleni juani kutafuta bili. Ilianza elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ghorofa elfu tano kwa kila sakafu, mwaka 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500. Sio hela ya kulilia. Shida ni kwamba inamkata anayenunua umeme na anayenunua umeme ni mpangaji, wakati jengo si lake. Sheria inasema adai kwa mwenye nyumba. Uani kwangu wanne walikuwa wanatumia mita moja, basi ikifika tarehe moja hakuna anayenunua, wote wanasubiriana maana anayetangulia ndo anakatwa, wanakaa giza siku mbili kwa sababu ya buku jero! Siku hizi natoa hiyo hela mwenyewe mkononi tarehe moja asubuhi. Na mita ya mbele nayo ilikuwa inakatwa, nyumba moja kiwanja kimoja mita mbili, nilienda ofisi moja wakanituma nyingine, ile nyingine wakanirudisha ya kwanza, ilichukua muda mpaka ikatolewa.

Mtaniambia si kila mpangaji awe na mita yake. Ningependa sana. Kuunganisha umeme mjini kulikuwa elfu 27 kwa kipindi kile kifupi, wajanja wakawahi, Januari 2022 ikarudi 320,960 hata kama huhitaji nguzo, zidisha mara nne uone kama ni hela ya mchezo. Na wakichangia mita moja wanavuka zile uniti 75 kwa mwezi, wanatolewa kwenye umeme wa 122 kwa uniti wanapelekwa wa 356, watu wa hali ya chini kabisa wanalipa bei ya mwenye kiyoyozi kwa sababu tu ni wanne nyuma ya mita moja. Hili mbona hakuna kiongozi analisemea? Mpangaji anaumia zaidi kwenye hili kuliko kwenye miezi sita kwa jinsi ninavyoona mimi.

Kwa hiyo Mhariri nikisikia sheria ya kupangisha inaandaliwa mimi nafurahi na naogopa. Nafurahi maana inahitajika. Naogopa kwa sababu kila wanayoyasema hadharani ni ya kutukataza sisi, usichukue zaidi ya mwezi, usipandishe, jisajili, lete TIN yaani namba ya mlipakodi, mkataba ulipiwe ushuru wa stempu asilimia moja, na hakuna hata sentensi moja ya kwamba mpangaji asipolipa itakuwaje na ndani ya siku ngapi. Waanze na hilo. Waweke hata siku moja kwa wiki pale kata, mtu mwenye mamlaka ya kuamua, mkataba mezani, miamala ya simu mezani, deni linaonekana, uamuzi unatoka mwezi huo huo, alipe kidogo kidogo au ahame, na mwenye nyumba aliyemtolea mtu vitu nje kihuni naye apigwe faini pale pale. Hapo mtaona miezi sita inaisha yenyewe bila tamko la mtu, maana hakuna anayependa kutafuta wapangaji wenye laki saba mfukoni, ni wachache na wanasumbua. Wakikataza tu bila hilo, nawaambia tutakachofanya: tutapangisha kwa ndugu na watu wa kanisani na msikitini, mgeni aliyeshuka stendi ya Magufuli leo na begi lake hapati chumba, au anapata kwa dalali kwa bei ambayo haiandikwi kwenye mkataba.

Kwangu mimi nimeshaanza kupunguza. Binti wa chumba cha mwisho aliniomba alipe mitatu mitatu nikamkubalia, namjua, anafanya kazi hapo kituo cha afya. Yule wa fremu nimemwambia kodi ijayo asinikate kitu bila kuja na risiti ya TRA mkononi, kanuna, nasikia anatafuta fremu kwingine.

Mama mwenye nyumba,
Tabata, Dar es Salaam