Kwa Rehema, kuhusu hataza za joto la chipu

Rehema rafiki yangu,

Salamu nyingi, na pole na mitihani. Uliniuliza inakuwaje watu wapelekane mahakamani kwa ajili ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayolindwa na sheria, ya tone la kimiminika linalopakwa juu ya chipu. Nakujibu kama mtu wa maabara. Penye sheria utanisahihisha.

Chipu ikipiga shoti kwa ndani, palipoharibika huwa padogo kuliko upana wa unywele. Tunaufungua mfuniko, tunapaka tone la fuwele kimiminika (kimiminika ambacho molekuli zake zimejipanga kama za fuwele), kisha tunatazama kwa hadubini kupitia vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, ambavyo vyenyewe huzuia mwanga usipite. Fuwele zikiwa bado baridi huugeuza mwanga ukapita, uso wote ukang'aa. Zikivuka joto lake maalumu (aina iitwayo 5CB huvuka karibu na nyuzi 35) molekuli hupoteza mpangilio na pale panakuwa peusi. Basi unaipasha chipu moto hadi karibu na kiwango hicho, unawasha umeme, na doa jeusi linatokea palepale penye shoti. Ukizima, linatoweka. Ukiwasha, linarudi. Mpaka leo nikiliona nafurahi.

Sasa mwenye haki ya njia hii ni nani? Desemba 1963 James Fergason na wenzake wa kampuni ya Westinghouse walipewa hataza Marekani ya kuonyesha joto kwa fuwele za kolesteriki, zile zinazobadili rangi. Lakini maajabu ya fuwele hizi Friedrich Reinitzer alishayaona mwaka 1888. Ugomvi unaanzia hapo, kwa sababu hataza hailindi tabia ya maumbile, inalinda namna ya kuitumia, na mpaka wake ni maneno ya madai yaliyoandikwa. Anayepaka fuwele za nematiki, yaani za aina ya ile 5CB, anayetafuta doa jeusi na si rangi, atasema hajaingia kwa Fergason. Mwenye hataza atajibu kwamba joto ni joto. Mimi naona huyo wa nematiki ana hoja.

Hataza za Marekani enzi hizo zilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo ile iliisha 1980. Mwaka 1981 mtafiti aitwaye Hiatt akaeleza hadharani, kwenye mkutano wa wataalamu, njia ya kutafuta sehemu zenye joto kwenye semikonda (vitu vinavyoundia chipu) kwa fuwele kimiminika. Tangu hapo, anayedai kuivumbua njia hiyohiyo anawekewa andiko la Hiatt mezani, dai linaanguka. Anabaki na kile alichoongeza tu.

Kinachoniuma ni kisa kingine cha Fergason, cha fuwele zilizosokotwa zinazotumika kwenye vioo vya saa na kikokotoo. Schadt na Helfrich wa kampuni ya Hoffmann-La Roche waliwasilisha ombi la hataza Uswisi tarehe 4 Desemba 1970; yeye akawasilisha lake Marekani Aprili 1971. Marekani wakati ule ilimtazama aliyevumbua kwanza, kwa hiyo tarehe za daftari la maabara zilikuwa na uzito, na mwishowe Roche ilinunua haki za Fergason. Tangu Machi 2013 hata huko anatazamwa aliyetangulia kuwasilisha. Ni rahisi kuamua, lakini sheria hiyo inambeba mwenye mawakili, nami siipendi.

Ndiyo maana nakuomba umwambie mdogo wako Juma asikipeleke kile kifaa chake cha kupimia bodi Sabasaba kabla hajaonana na watu wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza. Akishakwenda, nijulishe walivyomwambia.

Wako,
Idrisa