Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kelele katika Ukumbi wa Bwawa

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita wa klabu yetu ya kuogelea wazazi kadhaa walilalamika kwamba watoto wao hutoka bwawani wakiumwa kichwa, na walimu wetu wawili wakaeleza kuwa kila Jumapili huamka sauti zimekauka kwa ajili ya kupayuka siku ya Jumamosi. Kamati ilipewa kazi ya kutafuta chanzo na dawa. Kwa kuwa jambo hilo ndilo lililotuchukulia muda mwingi kuliko yote, nimeonelea taarifa hii ihusu hilo peke yake. Habari za ada na usafiri atazieleza mhazini.

Nianze na kosa letu. Mwezi wa pili kamati, nami nikiwemo, iliidhinisha ununuzi wa kipaza sauti na spika ya kubebeka, tukiamini kuwa mwalimu akisikika zaidi atapumzika. Siku ya kwanza mwalimu alitamka, "Njooni ukutani," na kilichowafikia watoto wa upande wa pili ni "tani, tani, tani". Nusu yao wakaja, nusu wakapiga mbizi. Maneno hayakuwa yamepungukiwa nguvu. Yalikuwa yakipandana, maana silabi ya kwanza ilikuwa bado inavuma darini wakati ya nne inatoka mdomoni, na spika iliongeza uvumi kwa kadiri ileile ilivyoongeza maneno. Tumeirudisha dukani na fedha zetu tumelipwa.

Tatizo, basi, ni ukumbi. Watoto wetu hawana kelele kuliko watoto wengine, ingawa najua baadhi yenu mtalitilia shaka hilo. Ukumbi wa bwawa hujengwa kwa vigae, zege na vioo, vitu ambavyo havimezi sauti, na katikati yake huwekwa maji, ambayo hurudisha hewani karibu sauti yote inayoyagonga. Aliyewahi kuingia msikiti uliotandikwa mazulia, kisha akaingia nyumba mpya isiyo na hata kiti, anaijua tofauti ninayoisema. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo wanafunzi hawakuelewa neno. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga humo kidogo kidogo huku akipima muda ambao mlio ulichukua kufifia. Kanuni aliyoipata inatumika hadi leo: chukua ujazo wa ukumbi, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa eneo linalomeza sauti, nawe utapata muda wa mwangwi kwa sekunde.

Tuliijaribu kwetu. Asubuhi moja kabla ya watu kuingia tulipasua puto kando ya bwawa, na kwa saa ya mkononi mvumo ulidumu kama sekunde 4 na nusu. Ukumbi una urefu wa mita 30, upana wa mita 16 na kimo cha mita 6, yaani mita za ujazo 2,880, kwa hiyo ni kana kwamba una mita za mraba 103 tu zinazomeza sauti. Mwongozo wa sauti katika majengo ya shule za Uingereza uliotolewa mwaka 2003 uliweka kikomo cha sekunde 2 kwa mabwawa ya ndani. Ili tufike hapo tunahitaji mita za mraba 232 zinazomeza sauti, yaani 129 zaidi ya tulizo nazo, na kwa mbao za kufyonza zinazomeza asilimia 80 ya sauti, kazi hiyo ingemalizwa na mita za mraba kati ya 160 na 180, yaani theluthi moja ya dari na ushei.

Sitaki kuwatia tamaa isiyo na msingi. Kwa hesabu hiyohiyo kelele zenyewe zitashuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 na nusu tu, na wapo watakaouliza kama hiyo ni thamani ya pesa. Jibu langu ni kwamba mtu hupaza sauti bila kujua anapokuwa penye kelele, jambo ambalo tabibu Mfaransa Étienne Lombard alilieleza mwaka 1911. Ukumbi ukitulia kidogo, kila mmoja hushusha sauti yake, na ukumbi ukazidi kutulia.

Wapo pia waliotaka tuishitaki halmashauri inayomiliki bwawa. Kanuni za Uingereza za kelele kazini za mwaka 2005 humtaka mwajiri achukue hatua wastani wa kelele unapofikia desibeli 80 kwa siku ya saa 8, na hatua kali zaidi unapofikia 85. Mwalimu wetu akikaa saa 2 katika desibeli 85, wastani wake wa siku nzima ni 79. Mlango huo haufunguki.

Pendekezo la kununua sponji na kuzitundika wenyewe kamati imelikataa, na ninaomba lisirudi. Hewa ya bwawa ni ya joto, ina unyevu na kemikali zitokanazo na klorini, nazo hula hata chuma kinachosemekana hakishiki kutu, tena kwa nyufa ambazo jicho halizioni. Mwaka 1985 dari la zege la bwawa la Uster, Uswisi, lilianguka baada ya vining'inizo vyake kuliwa hivyo, wakafa watu 12. Mwaka 2011 huko Tilburg, Uholanzi, spika zilizotundikwa juu ya bwawa zilianguka zikamuua mtoto mchanga. Kitu chochote cha kuning'inia juu ya vichwa vya watoto kitatundikwa na wenye ujuzi, kwa chuma kinachofaa, na kitakaguliwa. Halmashauri imejibu barua yetu kwamba italifikiria suala la mbao wakati wa matengenezo ya paa, tarehe haikutajwa.

Wakati tunangoja, tumebadili namna ya kufundisha. Muziki umezimwa. Filimbi tumewaachia waokoaji, kwa kuwa kwao mlio mmoja, miwili au mitatu ina maana yake, na mwalimu akipuliza ya kwake anaivuruga. Walimu sasa huingia majini na kuzungumza na watoto watano watano kwa karibu, kwani kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti inayokwenda moja kwa moja sikioni huongezeka kwa desibeli 6. Alama za mikono tulizianzisha kwa ajili ya binti mmoja wa miaka 9, ambaye huvua vifaa vyake vya kusikia kabla ya kuingia majini na mwaka jana alikuwa akifuata wenzake kwa kubahatisha. Ngumi juu ni simama. Kiganja kifuani ni njoo kwangu. Wiki ya tatu yeye ndiye aliyekuwa akifika ukutani wa kwanza.

Kamati inaomba idhini yenu fedha zilizorudi za spika zimlipe mtaalamu wa sauti aje apime ukumbi kwa vyombo, ili barua yetu ya pili kwa halmashauri iwe na vipimo badala ya puto.